Maziwa ya lozi na mtoto aliyeacha kuongezeka: uchambuzi wa kisa

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kimetoka katika kliniki ya mama na mtoto kwenye mji mmoja wa pwani ya Tanzania, ninakofanya kazi kama afisa lishe. Familia imeridhia kitumike kufundishia. Majina, mtaa na mambo mengine yanayoweza kuwatambulisha yameondolewa. Nimekiandika kwa ajili ya wahudumu wenzangu, na pia kwa wazazi walioambiwa kwamba mtoto asipewe tena maziwa ya ng'ombe kisha wakaachwa wajitafutie wenyewe cha kumpa.

Usuli

Mtoto ni wa kike, wa pili kwa mama yake. Alinyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, akaanza uji, samaki na ndizi kwa wakati wake, na mstari wa uzito kwenye kadi ukapanda bila kusuasua. Alipofika miezi 11 mama aligundua kuwa ana mimba nyingine, akamwachisha ziwa mara moja.

Watu wa huku hawataniuliza kwa nini. Iko imani kwamba mtoto anayenyonya wakati mama ana mimba hubemendwa, yaani hudhoofika na kukawia kutembea, na aibu yake humwangukia mama. Kwa kweli mimba isiyo na matatizo haimlazimu mama kuachisha, na ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi. Lakini mama huyu alisikia ya jirani kabla ya kusikia ya kliniki. Katika kisa hiki jambo hilo ni zito, kwa sababu ziwa ndilo lililokuwa likiziba pengo ambalo baadaye tulihangaika kulijaza.

Mchana mama na baba huwa kazini, mtoto anabaki na bibi mzaa baba. Yupo pia shangazi anayeishi nchi moja ya Ghuba.

Mambo yalivyokwenda

Wiki ile ile ya kuachishwa, bibi alimtia maziwa ya ng'ombe kwenye uji. Kabla ya nusu saa mtoto alitoka mabaka yanayowasha kuzunguka mdomo na shingoni, akatapika. Bibi alidhani uji ulilala. Siku chache baadaye yakatokea yale yale kwa chai ya maziwa, na mara ya tatu wakampeleka kituo cha afya. Daktari aliandika kwenye daftari: mzio wa maziwa ya ng'ombe, asipewe. Uamuzi ulikuwa sahihi. Ila sentensi iliishia hapo, na nyumbani hakuna aliyejua ampe nini badala yake.

Jirani akasema maziwa ya mbuzi hayana neno. Mtoto alipoyanywa midomo ilivimba na kifua kikaanza kupiga filimbi, wakamkimbiza hospitali usiku. Mhudumu yeyote alishike hili: protini za maziwa ya mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, na zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe hudhurika na ya mbuzi vilevile. Ya mbuzi hayafai kuwa majaribio.

Baada ya usiku ule nyumba nzima iliogopa. Shangazi alipokuja likizo alileta maboksi ya maziwa ya lozi. Yeye mwenyewe aliacha maziwa ya ng'ombe miaka mingi iliyopita kwa sababu yalimjaza tumbo gesi, na ya lozi yakamfaa. Mtoto aliyapenda. Hakutoka mabaka, hakutapika, na bibi akapumua. Maboksi yalipokwisha waliyakuta kwenye supamaketi mjini, kwa bei iliyozidi mara kadhaa ile ya maziwa ya ng'ombe. Fedha za kuyanunua zilitoka kwenye matumizi ya jikoni. Samaki aliyekuwa akipikwa karibu kila siku akawa wa mara mbili kwa wiki.

Mtoto akawa anamaliza kama nusu lita kwa siku, nyingine ikimiminwa kwenye uji wa sembe mwepesi. Kadi inaonyesha kilo 8.7 alipokuwa na mwaka mmoja, 8.8 mwezi uliofuata, kisha hakuna alama yoyote hadi mwezi wa 17. Mama aliacha kuja. Mtaani walishaanza kusema mtoto kabemendwa, na kila aliyemwona akiwa na tumbo alimtazama mtoto kisha akamtazama yeye. Alikuja tena pale tu alipoitwa kwa ajili ya matone ya vitamini A.

Tulichokiona kliniki

Uzito ulikuwa kilo 8.6. Miezi mitano bila kuongezeka, wakati mtoto wa kike wa umri huo kwa wastani anakaribia kilo 10. Utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu ulisoma sentimita 12.2, yaani eneo la njano: utapiamlo wa kadiri. Miguu haikuwa na uvimbe na nywele zilikuwa sawa. Alikuwa mchangamfu kiasi cha kumfanya mtu aseme hana tatizo. Daktari wetu alimpima akaondoa shaka ya maradhi mengine.

Nilimwomba mama aje kesho yake na bibi, na waje na vyombo vyenyewe: boksi, kikombe na sufuria ya uji. Haya hayapatikani kwa kuuliza maswali ofisini. Nilipomwuliza mama mtoto anakunywa nini, jibu lake lilikuwa “maziwa”, na ningeandika maziwa nikaendelea.

Kwenye ubavu wa boksi tulisoma pamoja: lozi asilimia 2, zilizobaki ni maji, chumvi kidogo, kitu cha kukifanya kinywaji kiwe kizito na kalsiamu ya kuongezwa. Kwa kila mililita 100, protini nusu gramu, kalori 14. Tukapiga hesabu kwenye karatasi. Nusu lita kwa siku inampa mtoto protini gramu 2.5 na kalori 70. Nusu lita ya maziwa ya ng'ombe ingempa protini gramu 16 na kalori zaidi ya 300. Mtoto wa uzito wake anahitaji kama gramu 9 za protini na kalori karibu 700 kwa siku. Tumbo dogo lilikuwa likijazwa kinywaji kilicholipa sehemu moja ya kumi ya deni la kalori la siku, na uji mwepesi haukuweza kulipa zilizobaki.

Bibi alikuwa kimya muda mrefu. “Lakini ni meupe,” akasema.

Kisha tukalikata boksi lililokwisha kwa mkasi. Chini, kwenye pembe, palikuwa na tope jeupe zito kama chaki iliyolowa. Hiyo ndiyo kalsiamu iliyoandikwa kwenye boksi. Katika vinywaji vya namna hii madini huongezwa yakiwa unga usioyeyuka, nao hutuama. Usipotikisa kwa nguvu kila unapomimina, kalsiamu inaenda jalalani na boksi. Hawakuwa wakitikisa. Hakuna aliyewaambia, na maandishi ya boksi lile yalikuwa Kiarabu na Kiingereza.

Njia zilizokuwapo

Maziwa maalumu ya watoto wenye mzio, yale ambayo protini yake imevunjwavunjwa, yangefaa kitabibu. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiyenyonya ningeyapigania. Huyu alikuwa na miezi 17, ana meno, anakula samaki na yai bila shida, na familia isingeweza kununua makopo yale hata kwa mwezi mmoja.

Maziwa ya mchele yalikataliwa bila mjadala mrefu. Protini yake ni ndogo kama ya lozi, na mchele hubeba sumu ya aseniki kutoka ardhini na majini. Uingereza inashauri watoto wa chini ya miaka mitano wasipewe kinywaji cha mchele badala ya maziwa. Maziwa ya oti yana protini kama gramu moja kwa mililita 100, nayo bado ni kidogo kwa mtoto aliyekwisha kupungua.

Karanga zilijadiliwa zaidi kwa sababu ni za hapa na bibi anajua kuzisaga. Zina protini na mafuta ya kutosha. Shida ni sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka zenye sumu hiyo, na karanga zilizohifadhiwa vibaya huibeba vilevile. Kuchemsha hakuiondoi. Kumpa mtoto karanga kidogo zisizoharibika, safi, zilizochambuliwa na kusagwa, ni jambo moja. Kumjengea mlo wa kila siku juu ya karanga za gunia usilojua lilikaa wapi ni jambo jingine.

Tui la nazi lilikuwapo jikoni tayari. Tui zito la kwanza lina kalori zaidi ya 200 kwa mililita 100, kwa hiyo ni rafiki wa mtoto aliyekonda, ila protini yake ni haba na kalsiamu karibu hakuna. Tukalipa kazi yake halisi, ambayo ni mafuta ya kwenye uji na mchuzi.

Ikabaki soya. Ni kinywaji cha mimea ambacho kwa protini kinakaribia cha ng'ombe, kama gramu 3 kwa mililita 100, na protini yenyewe ni bora. Ndiyo maana mwongozo wa lishe wa Marekani wa 2020 hadi 2025 ulikihesabu kinywaji cha soya kilichoongezewa virutubisho kuwa sawa na maziwa, na haukukipa kinywaji kingine chochote cha mimea nafasi hiyo. Ya boksi, iliyoongezewa kalsiamu, ilikuwa ghali kama ya lozi. Ya kutengeneza nyumbani ni rahisi kwa bei, kwa kuwa soya inalimwa nchini, hasa nyanda za kusini, na inapatikana sokoni. Kasoro yake ni kalsiamu ndogo na kukosa kabisa vitamini B12.

Uamuzi, na kwa nini

Tuliacha kuuliza “maziwa gani?” tukauliza maziwa yalikuwa yakifanya kazi gani kwenye sahani ya mtoto huyu, na kila kazi tukaitafutia mtu wa kuifanya. Protini: soya ya nyumbani kikombe kimoja na nusu kwa siku, na yai. Nguvu: tui zito kwenye uji. Kalsiamu: dagaa wakavu waliosagwa na vichwa na miiba yao, kijiko kimoja kwenye mchuzi au ndizi, na uji wa wimbi badala ya sembe. Unga wa wimbi una kalsiamu zaidi ya miligramu 300 kwa gramu 100, nafaka zetu nyingine haziufikii. B12 ingetoka kwenye dagaa na yai. Madini joto, ambayo maziwa huchangia bila watu kujua, yangetoka kwenye chumvi iliyoongezewa. Na fedha za maboksi zirudi kwa samaki.

Mchicha mama aliupendekeza mwenyewe kwa sababu alisikia una kalsiamu. Unayo, lakini una kitu ndani kinachoifunga isifyonzwe vizuri. Aendelee kumpa kwa manufaa yake mengine, asiuhesabu hapa.

Kwanza ilibidi soya ijaribiwe, maana baadhi ya watoto wenye mzio wa maziwa wana mzio wa soya pia. Kwa sababu ya ule usiku wa maziwa ya mbuzi, tulikataa ijaribiwe nyumbani. Alionjeshwa hospitalini, kijiko kidogo, kisha zaidi, dawa zikiwa karibu na daktari akiwapo. Hakukuwa na tatizo.

Bibi alielekezwa: loweka usiku kucha, mwaga maji, pekecha maganda yatoke, saga, kikombe kimoja cha soya kwa vikombe saba vya maji, chuja, chemsha. Makapi aliyageuza katlesi za kunde na soya. Hilo hatukumfundisha sisi.

Matokeo

Wiki ya pili mtoto aliharisha na tumbo likamvimba gesi. Familia ilikuwa karibu kuitupa soya. Nilikwenda nyumbani asubuhi bibi akiwa jikoni, na hapo palionekana kosa lilipo. Soya hupanda povu mapema, kabla haijachemka kwelikweli. Bibi alipoona povu limefika ukingo wa sufuria aliitegua, kama alivyofanya maisha yake yote na maziwa ya ng'ombe.

“Maziwa yakipanda si yamechemka, mwanangu?”

Ya ng'ombe ndiyo, bibi. Soya mbichi ina viini vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini, na joto la kutosha ndilo linaloviua nguvu. Povu likipanda unapunguza moto, unakoroga, kisha unaiacha itokote kama dakika 20. Tangu asubuhi ile kuharisha kukaisha.

Alipofika miezi 19 alikuwa na kilo 9.3. Miezi 22, kilo 10.2, na utepe ukasoma sentimita 13.5, kijani. Katikati hapo mama alijifungua salama. Shangazi alijitolea kutuma fedha kidogo, nazo hununua boksi la soya iliyoongezewa kalsiamu kwa siku ambazo bibi hayuko, na limeandikwa TIKISA kwa kalamu nzito.

Mzio wenyewe haujaisha. Watoto wengi huuacha wanavyokua, kwa hiyo alipotimiza miaka miwili alijaribiwa tena hospitalini kwa kiasi kidogo cha maziwa ya ng'ombe, mabaka yakatoka. Atajaribiwa tena baadaye, na hospitalini.

Uchambuzi

Kosa la msingi halikuwa uzembe wa mtu yeyote. Shangazi alitoa ushauri uliomfaa yeye. Watu wazima wengi duniani, karibu theluthi mbili, hupungukiwa na uwezo wa kumeng'enya laktosi, sukari ya maziwa. Kwetu hali inatofautiana kwa asili ya jamii: mwaka 2006 watafiti waliokuwa na Sarah Tishkoff, mtaalamu wa jenetiki, walitangaza kuwa wamepata, katika jamii za Tanzania, Kenya na Sudan, mabadiliko ya kijenetiki yanayowawezesha wafugaji kunywa maziwa ukubwani, tofauti na yale yaliyojulikana Ulaya. Mtu kama shangazi hudhurika na sukari ya maziwa. Anaweza kula mtindi, ambao laktosi yake imepungua, au kutia maziwa ya lozi kwenye kahawa na kupata protini yake kwa nyama na maharage. Mtoto huyu alidhurika na protini yenyewe, ambayo hata kwenye mtindi imo, na kwake maziwa yalikuwa sehemu kubwa ya chakula. Boksi moja lilimfaa mmoja na kumwangusha mwingine.

Jambo hili halitokani na umaskini wala na mila zetu. Mwaka 2001 madaktari wa Atlanta, Marekani, walichapisha habari za watoto wawili waliolazwa: mmoja alikuwa akinyweshwa kinywaji cha mchele badala ya maziwa akapata unyafuzi, ugonjwa ambao wengi hudhani ni wa nchi zenye njaa, mwingine alipewa kinywaji cha soya kisichofaa kwa umri wake akapata matege. Wazazi wao waliwatakia mema, kama hawa.

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni kumwita bibi. Mama ndiye aliyekuja na kadi, lakini sufuria ilikuwa mikononi mwa bibi, na maelekezo yanayopitia kwa mtu wa kati hufika nusu. Hata hivyo maelekezo ya mdomo hayakutosha. Kuchemsha soya ilibidi kuonekane. Tangu hapo kliniki inaipika mbele ya walezi, hadi povu lipande na lishuke.

Kuhesabu fedha nako kulisaidia. Boksi la lozi lilimwondolea mtoto samaki, kwa hiyo lilimpunguzia protini kwa njia mbili. Anayependekeza kinywaji cha dukani aulize kwanza fedha zitatoka wapi.

Kilichoshindikana ni ule muda mtupu kwenye kadi. Miezi minne mtoto hakupimwa kwa sababu mama aliona aibu, na sisi hatukuwa na njia ya kumfuata. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii angeweza kubisha hodi. Maneno ya kubemendwa yanahitaji kujibiwa mapema, mama akiwa bado anakuja kliniki ya ujauzito, na mume na mama mkwe wawepo, kwa kuwa akiambiwa peke yake atakwenda kubishana nao peke yake.

Mpango huu usinakiliwe kwa kila mtoto. Ulisimama juu ya mtoto mwenye zaidi ya mwaka, anayekula samaki na yai, asiye na mzio wa soya. Familia isiyokula vitu vya wanyama itahitaji B12 ya kuongezwa na soya iliyoongezewa kalsiamu. Mwenye mzio wa soya pia apelekwe kwa daktari wa watoto kabla ya kubadilishiwa chochote. Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapaswi kupewa kinywaji chochote cha mimea badala ya maziwa, si cha dukani wala cha nyumbani: huyo ni ziwa la mama, na likikosekana ni maziwa maalumu ya watoto wachanga kwa ushauri wa daktari.